Shabiki na Plastiki: Suala la Maana katika Mobile Suit Gundam

Aghalabu mhakiki akutanapo na kazi ya sanaa iliyozungukwa na bidhaa za kuuzwa, huiweka kando kwa dharau, akidai kwamba biashara imekwisha kuiua sanaa. Dai hilo ni jepesi mno. Halifai hasa kwa Mobile Suit Gundam, mfululizo wa katuni ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuonyeshwa katika televisheni ya Japani kuanzia Aprili 1979 hadi Januari 1980. Ulikusudiwa kuwa na sehemu 52; ukakatizwa kwenye sehemu ya 43. Mdhamini wake, kampuni ya Clover, aliuza vitu vya kuchezea vya watoto wadogo, ilhali hadhira iliyoguswa na hadithi ilikuwa ya vijana waliokwisha kuupita umri huo.

Biashara, basi, ndiyo iliyoikata hadithi, na biashara ndiyo iliyosaidia kuifufua. Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa mfano wa plastiki wa vipande vya kuunganishwa, kwa kipimo cha 1 kwa 144 na bei ya yeni 300. Mfululizo ulirudiwa kuonyeshwa, mifano ikagombaniwa madukani, na filamu tatu zikafuata katika miaka ya 1981 na 1982. Katika filamu hizo, ile ndege nzito ya kubebea Gundam, iliyonuka duka la vichezeo tangu mwanzo, iliondolewa na mahali pake pakatiwa chombo chepesi zaidi. Fanani alikuwa akidai haki yake.

Lakini suala zito limo katika maudhui. Hadithi hii ni ya vita ambavyo mwanzoni mwake tu vimeangamiza nusu ya wanadamu. Amuro Ray, mvulana wa miaka 15, anaingia ndani ya Gundam kwa mara ya kwanza akiwa na kijitabu cha maelezo mkononi, anasoma huku anapigana. Baadaye mama yake anamshuhudia akimpiga risasi askari, na hamtambui tena mwanawe. Ramba Ral, afisa wa upande wa adui, anakutana naye katika mkahawa wa jangwani na kumkirimu, kabla ya wawili hao kukabiliana vitani. Adui ana adabu, ana mapenzi, na hatimaye anakufa.

Sasa shabiki wa hadithi hiyo hununua nini? Hununua silaha. Ukinzani huu hauwezi kufichwa, wala si haki kusema kwamba shabiki hakuelewa alichokitazama. Mfano wa Zaku, chombo cha kawaida cha askari wa adui, ulipendwa sana na waundaji, na wengi hawakuuacha ukiwa safi kama ulivyotoka katika sanduku: waliupaka matope na kutu, wakauchora michubuko ya risasi. Huo ni usomaji. Aliyefanya hivyo amesadiki kwamba chombo kile kilipita mahali fulani kikiwa na mtu ndani yake. Hata hivyo, plastiki haina mama wa kulia. Yupo shabiki awezaye kutaja kwa ghibu nambari MS-06, na asikumbuke jina la askari hata mmoja aliyefia ndani yake. Kwake yeye kilichobaki ni fani bila maudhui.

Mwaka 1983 jambo hilo lilipiga hatua nyingine. Bandai ilianza kuuza mifano ya vyombo ambavyo havikuonekana kabisa katika mfululizo wa 1979, ikiambatana na maelezo na marubani wapya kama Johnny Ridden. Bidhaa haikuwa tena kivuli cha hadithi. Ilikuwa imeanza kuitunga. Wahafidhina wataona huo ni uharibifu, ingawa msikilizaji wa ngano anayemwongezea shujaa safari nyingine hatuhumiwi hivyo. Tofauti ni kwamba msikilizaji yule haulizwi bei.

Tomino alirejea mwaka 1985 na Zeta Gundam, na baadhi ya vyombo vilivyozaliwa madukani vikaingizwa humo. Amuro naye yumo. Anaishi katika jumba la kifahari chini ya ulinzi, na anaogopa kurudi angani.