Orodha ya Wagalla

Mbunge husifiwa kwa barabara aliyoleta na visima alivyochimbisha. Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge wa Wajir Magharibi, anastahili sifa kwa ufundi mwingine, mgumu kuliko huo: kulitoa jambo vinywani mwa watu wenye hofu na kulitia katika kumbukumbu rasmi za Bunge la Kenya, mahali ambapo serikali haiwezi kulifuta.

Kuanzia tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Waliwavua nguo, wakawalaza juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi. Wengine walikufa kwa kiu na kipigo.

Nani angeyasema hayo? Kaskazini Mashariki yote, kutoka Garissa hadi Mandera, ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Chama kilikuwa KANU peke yake, na mkosoaji aliweza kuwekwa kizuizini bila kesi.

Mwezi Machi, Khalif alisimama Bungeni na orodha ya majina ya waliouawa. Ustadi wake uko hapo. Angeweza kufoka, na haki ya kufoka alikuwa nayo, lakini hotuba ya hasira hujibiwa kwa hasira na mambo yakaishia hapo. Idadi nayo hubishaniwa. Jina la Msomali hufuatwa na la baba, kisha la babu; aliyetajwa hivyo ana ukoo, ana mjane, ana watoto, na mtu anaweza kwenda kuwauliza.

Orodha ilidai jibu. Mwezi Aprili waziri Justus ole Tipis aliliambia Bunge kwamba waliokufa ni 57. Lilikuwa jibu chungu, lakini nalo liliandikwa, likabaki hapo kupimwa. Mwaka 2000 serikali ilitaja 380. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ya mwaka 2013, ilisema huenda walikaribia 1,000.

Khalif hakuishi kuisoma. Alikufa Januari 2003 katika ajali ya ndege huko Busia, majuma machache tu baada ya kuteuliwa Waziri wa Leba. Manusura na wajane wa Wagalla wameendelea kudai fidia.