Kalamu Mbele ya Kiti cha Enzi

Je, mshairi alaye kwa mfalme aweza kunena kweli juu ya mfalme? Swali hili hatuna budi kujiuliza tuisomapo tarihi ya Jonaraja, mshairi na mwanahistoria wa baraza la Sultani Zain-ul-Abidin wa Kashmir, aliyefariki mwaka 1459.

Jonaraja alitunga kwa Kisanskriti ili kuiendeleza Rajatarangini, yaani Mto wa Wafalme, ya Kalhana. Kalhana, aliyemaliza utungo wake karibu na mwaka 1150 kwa beti zaidi ya 7,000, aliweka sharti kwamba mtunzi wa tarihi awe kama kadhi, asiye na upendeleo wala chuki. Mrithi wake aliipokea kalamu hiyo. Je, alilitimiza na sharti lake?

Kwa upande wa ufundi, twaona upungufu. Wafalme wa mwanzo amewapitia mbiombio, hata wengine hawaachi sura yoyote akilini mwa msomaji. Afikapo kwa mlezi wake, beti zanenepa.

Lakini mtihani wake mkubwa ni Sultani Sikandar, aliyetawala 1389–1413, baba wa huyo mlezi. Katika zama zake mahekalu yalibomolewa na Mabrahmini waliteswa. Jonaraja, Mbrahmini mwenyewe, hakuyaficha hayo. Aliyaandika katika baraza la mwana. Huo ni ujasiri. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa lawama amemtwika waziri Suhabhatta, Mbrahmini aliyesilimu, na mfalme akabaki kama mtu aliyepotoshwa. Hapo kadhi amemwonea haya mshtakiwa mkubwa, kwani waziri hubomoa kwa idhini ya mwenye enzi.

Na sifa za Zain-ul-Abidin, je, ni za kujipendekeza? Hatudhani hivyo. Sultani huyo aliwarejeshea Mabrahmini usalama wao, akaamuru vitabu vifasiriwe baina ya Kisanskriti na Kiajemi. Aliyeokolewa akishukuru, shukrani yake ni ushahidi pia.

Hukumu yetu basi ni hii: Jonaraja ni shahidi mwema kuliko alivyo kadhi. Nasi walimu, tunapowasomesha vijana utungo wowote wa kihistoria, tuwazoeze kuuliza: nani aliyemlisha mtunzi, nani amelaumiwa, na nani ameachwa apite kimya kimya?