Jina la Murphy: Vitabu Viwili Vyapimwa

Katika majina ya nasaba yaliyoko Eire hapana lililoenea kuliko Murphy. Kuenea huko kumezaa neno lisemwalo na wengi, hata na wasomi: ya kwamba wote waitwao Murphy ni wa damu moja, na shina lao ni Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Neno hili si la mchezo. Diarmait ndiye aliyefukuzwa katika ufalme wake mwaka 1166, akaenda kumwomba msaada Henry II, mfalme wa Uingereza. Na askari wa Kinormani walipotua Eire mwaka 1169, ndio ulikuwa mwanzo wa utawala wa kigeni. Amkubaliye huyo kuwa babu yake, hutwikwa na lawama zake. Basi yafaa tuvipime vitabu viwili washikavyo watafutao asili ya jina hili, tuone vyashuhudia nini.

Cha kwanza ni taarifa ya Robert Matheson, iliyotolewa mwaka 1894. Matheson alikuwa mtu wa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Aliyatwaa majina ya watoto walioandikwa mwaka 1890, akayahesabu, kisha kwa hesabu hiyo akakisia jumla ya watu wa kila jina katika nchi nzima. Murphy likawa la kwanza, watu 62,600; Kelly likafuata, watu 55,900. Sifa ya kazi hii ni unyofu wake, kwani haina ngano ndani yake. Tena yaonyesha mahali: jina la Murphy lilikuwako kila upande wa nchi, lakini lilijaa hasa Cork, Dublin na Wexford.

Ila hesabu hii yatuambia ni wangapi, haituambii ni wa nani. Msomaji asiye mwangalifu huiona ile 62,600 akadhani ameuona ukoo, kumbe ameona watu ambao majina yao yaliandikwa kwa herufi zile zile. Wala si hesabu ya wote. Njaa kuu ya miaka 1845 hadi 1852 iliua watu wapata milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Waliohesabiwa mwaka 1890 ni masalio tu. Leo akina Murphy walioko Marekani wawapita kwa wingi walioko Eire.

Kitabu cha pili ni *Sloinnte Gaedheal is Gall* cha Padre Patrick Woulfe, kilichopigwa chapa Dublin mwaka 1923. Yeye hakuanza na maandishi ya Kiingereza, bali aliyarudisha majina katika Kieire chenyewe, na hapo ndipo fumbo lifumbukapo. Murphy ni namna ya Kiingereza ya kuandika Ó Murchadha, maana yake, mzao wa Murchadh. Na Murchadh ni jina la mtu, maana yake, mpiganaji wa baharini. Ó ni mjukuu au mzao. Mac ni mwana, kama sisi tusemavyo bin. Na mwanamke huitwa kwa Ní au Nic, kama tusemavyo binti.

Zamani watu wengi waliitwa Murchadh. Majina ya nasaba yalipoanza kushikamana, katika karne ya 10 na ya 11, wazao wa Murchadh huyu na wa Murchadh yule walijiita kwa jina la babu yao, wasijuane. Tuseme wazao wa kila Hamisi, wa Lamu na wa Tanga na wa Kilwa, waitwe wote Hamisi: je, watakuwa ndugu? Kwa hiyo wa Wexford ni mbali, na wa Tyrone ni mbali. Hata Diarmait mwenyewe, mwanawe Domhnall alipewa lakabu Caomhánach, na wazao wake huitwa Kavanagh. Basi mbegu ya mfalme yachukua jina jingine, na wengi wadhaniwao kuwa wanawe si wanawe.

Hapa Woulfe amshinda Matheson. Chini ya utawala wa Waingereza zile Ó na Mac ziliachwa, na koo zilizokuwa mbalimbali zikaangukia herufi moja. Baada ya kuundwa Chama cha Kieire mwaka 1893, akina Sullivan wengi walirudia kuitwa O'Sullivan, lakini akina Murphy karibu wote walibaki bila Ó. Hesabu ya Matheson haikuweza kukiona kilichopotea; Woulfe amekionyesha.

Lakini naye ana upungufu. Aliyapanga majina kwa alfabeti, si kwa nchi, wala hakutoa hesabu. Hivyo msomaji hajui ni ukoo upi ulioongezeka na upi uliofifia. Tena maana tamu ya jina humvuta mtu akatosheka nayo, kana kwamba kujua maana ni kujua babu.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: vitabu hivi visomwe pamoja, wala kisitegemewe kimoja peke yake. Na Murphy wa Boston au wa Sydney atakaye kuwajua wazee wake, asiwatafute katika jina, wala asinunue ngao ya ukoo auziwayo dukani. Atafute kwanza parokia waliyotoka, asome daftari la ubatizo; ndipo Matheson na Woulfe watakapomfaa.