Halali kwa Nani?

Uliza kinyume cha neno halali na Kiswahili kinakupa majibu mawili. Kuna haramu: kitu kilichokatazwa. Kuna batili: kitu ambacho hata kikifanyika, hakihesabiki. Kuuza bangi Karatina ni haramu. Lakini agrimenti ya shamba ambalo si la muuzaji ni batili. Itie saini mara kumi, bado ni karatasi tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayobeba Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo waliitoa kwa Kiingereza mwaka 1976.

Kesi yenyewe ilisikilizwa Nyeri, Novemba 1956. Dedan Kimathi alikuwa amepigwa risasi mguuni na kukamatwa Oktoba 21. Shtaka: kupatikana na bastola na risasi, kosa la kunyongwa chini ya kanuni za Hali ya Hatari. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akasikiliza, wazee wa baraza watatu, Waafrika, wakasema ana hatia. Februari 18, 1957 akanyongwa Kamiti. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa halali.

Kimathi wa tamthilia hashughuliki kubishana kama alikuwa na bunduki au la. Anauliza sheria hii ni ya nani. Yaani kwake mahakama nzima ni batili, na ukishasema hivyo hakuna shtaka la kujibu. Sasa weka kiapo kando yake. Serikali ilikiharamisha, lakini kwa waliokila kilifunga kuliko amri yoyote ya Mzungu. Kiapo ni haramu ila si batili. Mahakama ni batili ila si haramu. Mchezo mzima uko hapo katikati.

Ndiyo maana pazuri zaidi si kortini, ni ndani ya seli, Henderson anapokuja na ofa: kubali, uokoe maisha yako. Kiswahili hutumia neno moja, kufunga, kwa mkataba na kwa jela. Hapa ofa inatolewa kwa mtu aliye kwenye minyororo, na kila mtu anajua makubaliano ya kulazimishwa hayamfungi mtu.

Lakini hapa ndipo nina neno na waandishi. Rekodi ya kesi, iliyochapishwa mwaka 2017 katika kitabu cha mwanahistoria Julie MacArthur, ina Kimathi mwingine. Huyu alikana shtaka na kujitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Aliokota masharti ya serikali ile ile na kujaribu kujikinga nayo.

Sawa, waandishi hawakuahidi nakala ya kesi. Walitaka shujaa, na wakampata. Ila huyu wa pili ana mchezo mgumu zaidi: anajua korti si yake, na bado anapekua vitabu vyake akitafuta mstari mmoja wa kumwokoa. Yeyote aliyepanga foleni ofisi ya ardhi Nanyuki au Kerugoya anamwelewa. Kutumia sheria ya aliyekukamata si kuihalalisha. Tamthilia haina nafasi ya ujasiri wa aina hiyo. Ndani yake, ukiongea lugha ya korti umeshasaliti.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo iliona mapema. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003. Kwa hivyo mchezo ulipopanda jukwaani Nairobi mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, shujaa wake bado alikuwa, kisheria, mtu wa chama haramu. Bendera ilibadilika, kitabu cha sheria kilibaki mezani.

Leo Nyeri ina chuo kikuu chenye jina la Kimathi. Isome upya tamthilia, bana, na kalamu mkononi. Kila mtu akitaja sheria, andika pembeni: anamaanisha haramu, au batili? Utashangaa ni nani hujibu vibaya.