Uzuri wa Mkakasi

Mwaka 2014 niliipeleka pikipiki yangu kwenye maonyesho ya mashine za zamani, nje kidogo ya Birmingham ninakoishi, nikarudi na zawadi. Siku nane baadaye injini ilianza kugonga barabarani, nikairudisha nyumbani juu ya pikapu ya kukodi. Nayaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu sisi wapenda pikipiki tukikutana husimuliana lile la kwanza tu.

Pikipiki yenyewe ni BSA M20. Kiwanda cha Small Heath, hapa hapa Birmingham, kiliitengeneza tangu 1937 hadi 1955, na zipatazo 126,000 zilikwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenye kutaka kuikosoa hakosi la kusema. Ni nzito, nayo haina haraka. Silinda yake moja ya cc 496 hutoa nguvu za farasi 13 tu. Valvu zimesimama ubavuni mwa silinda, na ile ya kutolea moshi huunguza upande mmoja wa chuma kuliko mwingine, hata silinda ikapoteza uduara wake.

Hata hivyo, mashine hii iliundwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na kiwanda. Mgandamizo wake ni mdogo, karibu 5 kwa 1, kwa hiyo haikuchagua petroli. Kichwa cha silinda hakina valvu ndani yake. Ni kifuniko tu. Ukifungua bolti zake unaifikia pistoni, unakwangua masizi, unafunga, unakwenda zako, na injini haijatoka kwenye fremu. Silinda ikilika huchongwa, ikatiwa pistoni kubwa kidogo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mashine njema: kwamba inakubali kufunguliwa.

Msomaji atauliza, kama ni hivyo, kwa nini yangu iligonga? Hapo lawama inahama kwenye mashine, inakuja kwangu.

Niliishusha injini majira ya baridi. Silinda nikaipeleka ikachongwe, nikanunua pistoni na ringi mpya, nikasaga valvu, nikasugua makasha ya alumini mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Mwisho nikafika kwenye kranki. Hii ni flaiwili mbili nzito zilizounganishwa kwa pini moja, na juu ya pini hiyo konrodi huzunguka kwenye roli. Kuzifikia roli ni lazima kuzitenganisha flaiwili, na kuzirudisha ni kazi ya subira, maana zikipishana zaidi ya elfu mbili za inchi injini itatetemeka. Nilishika konrodi nikaivuta juu na chini. Nikasikia kitu kidogo sana, kama mtu aliyegonga ukucha mezani.

Kila fundi anajua kwamba konrodi huruhusiwa kucheza kidogo kwa ubavu, lakini kwa juu na chini hairuhusiwi kabisa. Nami nilijua. Nikajiambia ni ule mchezo wa ubavu, nikafunga. Fedha zilizosalia nikazimalizia kwenye rangi ya tangi.

Nililelewa Tanga, jirani na gereji ya pikipiki. Fundi wa pale hakuwa na seti kamili ya spana, lakini kabla ya kugusa injini yoyote aliweka ncha ya bisibisi juu yake na mpini sikioni, akasikiliza. Laiti angekuwapo siku ile, angeniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umesikia nini?" Nisingepata la kumjibu.

Kwenye maonyesho waamuzi walipita na madaftari yao. Walitazama rangi, nembo, hata vichwa vya bolti. Hakuna aliyeniambia niiwashe. Sina ugomvi na rangi; pikipiki iliyopakwa vizuri hupendeza, na kutu si sifa. Ugomvi wangu ni na mizani inayopima ngozi ikaacha mifupa, kwa kuwa inatufundisha, sisi tunaotamani zawadi, mahali pa kuweka fedha na mahali pa kuweka uongo. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Nakumbuka pia kwamba tarehe 19 Novemba 1940 mabomu yaliangukia kiwanda kile cha Small Heath yakaua wafanyakazi 53. Waliobaki waliendelea kutengeneza pikipiki za kumfikisha askari aendako na kumrudisha. Sidhani kama kuna aliyekaza nati kwa ajili ya kutazamwa.

Nilipoifungua tena nilikuta roli zimeliwa na kuota vishimo, na unga wa chuma umesafiri na oili hadi kwenye pistoni yangu mpya, ukaichora mistari. Nililipa mara mbili. Safari hii kranki niliipeleka kwa mkerezaji, akatia pini na roli mpya, nami nikasimama pale mpaka alipomaliza kuzinyoosha flaiwili.

Zawadi ingali rafuni sebuleni, na kando yake nimeiweka ile pini ya zamani. Mgeni akiuliza zawadi ilikuwa ya nini, humpa pini aishike, apitishe ukucha juu yake.