Rangi ya Mfalme, Vumbi la Safari

Agosti 2024, huko Pebble Beach, California, majaji wa mashindano yenye heshima kubwa kuliko yote ya magari ya kale walilipa tuzo kuu gari ambalo pentire yeyote wa mji wa Baraka, eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, angeliomba aanze nalo kazi kesho asubuhi. Lilikuwa Bugatti Type 59 Sports la mwaka 1934. Rangi yake nyeusi imechubuka, mstari wake wa njano umefifia. Mashindano hayo yanafanyika tangu 1950, na kabla ya hapo halikuwahi kushinda hata mara moja gari lililotunzwa jinsi lilivyo, bila kufanywa upya.

Rangi yenyewe ina habari yake. Gari lilianza maisha kama gari la mbio la kiwanda, na katika mwaka huo wa 1934 lilishinda Grand Prix ya Ubelgiji likiendeshwa na René Dreyfus. Rangi nyeusi na ya njano zilikuja baadaye, kwa matakwa ya mteja: Leopold III, mfalme wa Wabelgiji tangu 1934 hadi 1951, miaka ambayo Kongo nzima, Fizi ikiwemo, ilikuwa koloni la nchi yake. Kwa hiyo anayetaka kulirudisha gari hilo kwenye asili yake ana kazi ya kuamua kwanza: asili ipi? Ya kiwanda au ya mfalme? Majaji walichagua rangi iliyopo juu ya bodi, kwa sababu ikishakwanguliwa hakuna duka linaloiuza.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mjuzi. Kabla ya kuuliza fundi amefanya nini, anauliza ameacha nini.

Baraka hakuna Bugatti. Kuna Land Cruiser na Land Rover za zamani, kuna Hilux zilizokwisha kubadilisha wenyewe mara nyingi, na kuna barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Uvira ikifuata Ziwa Tanganyika mpaka Baraka kisha ikapanda milimani kwenda Fizi, ambayo haijawahi kuhurumia rangi ya mtu. Vumbi la kiangazi linasugua, matope ya masika yanajificha ndani ya kingo za milango na kuzaa kutu, na jua la digrii nne tu kusini mwa ikweta linapausha paa na boneti kabla ya sehemu nyingine. Ndiyo maana tolie anayenyoosha mabati, pentire anayepuliza rangi na fundi wa kushona siti hawakosi kazi. Mnunuzi anayetaka kujua kama wamefanya kazi ya maana anatumia macho yale yale wanayotumia majaji wa California.

Aanze na saa. Gari la kukagua halitazamwi saa sita mchana, jua linapopiga utosini na kila kitu kinang'aa. Litazamwe alfajiri au jioni, mwanga ukiwa chini, mtu akichuchumaa kwenye taa ya nyuma na kupeleka jicho ubavuni mwa gari mpaka mbele. Hapo mawimbi ya mastiki, ile inayozibia mabonde ya bati, yanaonekana yenyewe. Bati lililonyooshwa vizuri linarudisha taswira ya nyumba au mnazi bila kuivunja; bati lililofichwa chini ya mastiki linaikunja. Na gari lisikaguliwe likiwa limelowa: maji ni rangi ya bure, hufunika mikwaruzo yote kwa muda wa dakika kumi.

Baada ya macho, vidole. Mjuzi anafungua mlango na kupitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani, mahali rangi ya zamani na mpya zinapokutana. Akigusa ngazi ndogo, basi mtu alibandika karatasi hapo akapuliza bila kufungua mlango vizuri. Kisha anainua mpira wa kioo. Fundi mvivu hupaka juu ya mpira au hukata pembeni yake. Fundi wa kweli huung'oa, hupaka chini yake, huurudisha. Rangi ikiwa nyekundu nje na nyeupe chini ya mpira, gari limebadilishwa rangi na aliyebadilisha alikuwa na haraka. Vichwa vya skrubu kwenye bawaba vinasema mengi pia: vikiwa na rangi nzima isiyopasuka mitaroni, mlango haukutolewa tangu rangi hiyo ipakwe.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote. Inashika bati la chuma na kulegea penye mastiki nene. Lakini iwekwe mfukoni mbele ya Land Rover ya zamani, kwa maana sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu na sumaku haitashika popote, hata gari likiwa safi kama lilivyozaliwa. Hapo inabidi kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: bati tupu linalia, mastiki inajibu kwa sauti butu. Mwenye kipimo cha kielektroniki atajua kwamba rangi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 80 hadi 150 hivi. Ikipita 200 gari limepakwa tena, na ikifika maelfu, linalopimwa ni mastiki.

Magari ya miaka ya 1960 na 1970 yana ushahidi mwingine. Mengi yenye rangi moja isiyo ya kumetameta yalipakwa rangi pekee, bila tabaka la vanishi juu yake kama ilivyo leo. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali pa siri. Rangi ya enzi zile inaachia wekundu au ubuluu wake kwenye kitambaa. Kitambaa kikibaki cheupe, kuna vanishi juu, na muuzaji anayeapa kwamba ni rangi ya kiwandani ya mwaka 1971 ana la kueleza. Vilevile uso laini kabisa, kama kioo, ni wa kutiliwa shaka: rangi za viwandani za wakati ule zilikuwa na vipele vidogo vya ganda la chungwa. Fundi anayeusugua uso mpaka ukapita kiwanda amefanya kazi nzuri ya kitu kingine.

Afrika Mashariki ina gari lake la kufundishia jambo hili. Ni Datsun 240Z namba 11, gari la michezo la milango miwili ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971. Mashindano hayo yalianza 1953, na enzi hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania katika njia ambazo mtu wa Fizi asingezishangaa. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika 240Z. Miaka miwili baadaye akashinda mwenyewe. Gari la Herrmann lilirudi Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, kampuni iliyolitengeneza, walilifufua mpaka likatembea tena. Leo limo katika mkusanyo wa kampuni huko Zama, na makovu ya safari bado yako kwenye bodi yake.

Tazama boneti yake. Gari ni jekundu, lakini boneti ni nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimpige dereva machoni. Pentire asiyejua historia angeona boneti iliyopauka na kuitia vanishi kwa nia njema kabisa. Angekuwa amefuta sababu ya rangi hiyo kuwepo. Ndivyo inavyotokea kwa Land Cruiser ya kazi pia: nambari ya zamani iliyoandikwa kwa mkono mlangoni, au jina la misheni lililofifia, husafishwa kwa msasa mchana mmoja, kisha gari linauzwa kama jipya na lisilo na kwao.

Ndani ya gari ndiko uongo unakojificha zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi huishia kwenye kava. Dashibodi ya 240Z, ya plastiki laini juu ya sponji, inajulikana kwa kupasuka juani. Wengi hufunika nyufa kwa ganda la plastiki linalobandikwa kwa gundi juu. Anayejua anapitisha kidole kwenye ukingo karibu na kioo: penye ganda kuna mdomo, na matundu ya hewa yanaonekana kuzama. Gari hilo hilo lina kitambaa cha plastiki chenye mishono ya almasi juu ya handaki la gia. Almasi zikiwa kubwa au ndogo kuliko za awali, au mstari wake ukipinda penye kona, mshonaji alikisia badala ya kupima.

Kwa siti, kanuni za Nairobi na za Baraka ni zile zile. Mshono uwe na nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mstari wa siti ya kushoto ukutane na wa kulia. Bonyeza kwa ngumi na uachie: sponji nzuri inarudi polepole na yote kwa pamoja, sponji ya vipande inarudi upande mmoja. Inama utazame chini, ambako kava linashikwa na pete za waya. Pete zikiwa zimebadilishwa na kamba au gundi, kava litaanza kutembea baada ya safari chache za Uvira. Kisha linganisha umri. Siti mpya, usukani uliosuguliwa na pedali zilizoliwa mpira vinaweza kukaa pamoja bila ubaya. Pedali mpya kwenye gari lenye kilomita chache mno ni dalili ya mtu anayeficha kilomita.

Mazulia hayana mengi. Yainue tu. Kutu ya sakafu iko hapo.

Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu 1970, yaliyoanzishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo na kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Wenye magari huko wanasafisha hadi chini ya gari, kwa sababu majaji wanatazama huko pia. Jambo hilo linatia hamasa, ingawa lina hatari yake: gari linaweza kusafishwa mpaka likapoteza alama za chaki na wino zilizowekwa kiwandani.

Anayempa pentire kazi Baraka ana maswali yake. Atapuliza wapi na lini? Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu mwingi, tina ya kuyeyushia rangi hukauka haraka, bati hupoa na unyevu hutua juu ya rangi mbichi; ndio ule ukungu mweupe unaobaki juu ya rangi. Fundi mzoefu humwagia ardhi maji ili vumbi lilale, huanza kabla ya upepo, na huomba kujaribu rangi kwenye kipande cha bati kabla ya kugusa gari. Akitumia rangi ya kuchanganya na kigumu, avae barakoa ya kweli yenye kichujio. Kitambaa puani hakizuii sumu ya kigumu hicho. Na mwenye gari asimruhusu fundi wa siti kutupa kava la zamani. Likunjwe, liandikwe upande wa kushoto na wa kulia, liwekwe mahali pakavu: ndilo pateni ya kukatia kava jipya, ndilo sampuli ya rangi ambayo jua halikuifikia kwenye mikunjo, na fundi atakayekuja miaka kumi baadaye hatakuwa na nyingine.