Hasidi, Mwivu na Wasiotajwa: "Adili na Nduguze" Ikisomwa Manika

"Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert (1952) imezoeleka kufundishwa kama hadithi ya wema unaoushinda uovu. Usomaji huo una haki yake, lakini unaliacha kando swali ambalo hadithi yenyewe inaliuliza: mtenda maovu atambulishwe mbele ya watu, au apewe maisha mapya? Katika komini ya Manika, mjini Kolwezi, swali hilo si la darasani tu, na makala haya yanaisoma hadithi kwa kuitazama hali hiyo.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Hasidi na Mwivu wanamhusudu ndugu yao Adili, na safarini wanamtosa baharini. Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anawageuza manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Adili, mtawala wa Janibu, anaitimiza adhabu hiyo kwa siri na kwa uchungu, mpaka siri inafichuka kwa Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai. Rai anamwita Adili, anamsikiliza, kisha anawaombea wakosaji kwa majini, nao wanarudishiwa utu wao.

Kisa hiki kinafanana sana na kile cha Abdallah mwana wa Fadhil katika Alfu Lela Ulela. Humo nduguze wanageuzwa mbwa, wanasamehewa, wanaurudia uovu, na mwishowe wanauawa. Shaaban Robert ameukataa mwisho huo: nduguze Adili wanatubu. Ni dhahiri, basi, kwamba mwandishi anaamini mkosaji anaweza kuanza upya. Lakini mpangilio wa matukio una fundisho lake. Msamaha haukuja wakati kosa lilipokuwa limefichwa. Ulikuja baada ya aliyekosewa kulieleza waziwazi, kwa majina, mbele ya mwenye mamlaka. Siri ndiyo iliyoidumisha adhabu, na maelezo ndiyo yaliyoikomesha.

Kolwezi haikupata maelezo ya namna hiyo. Mwezi Agosti 1992 Konferensi ya Kitaifa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Mashambulizi juu ya watu wenye asili ya Kasai yaliikumba Likasi mwaka huohuo, na Kolwezi mwezi Machi 1993. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière kuchimba shaba. Vijana wa chama cha UFERI waliwatoa majumbani. Watu walirundikana stesheni wakingoja treni za kwenda Kasai, na wengi walifariki hapo au njiani. Katika Katanga nzima, waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu.

Neno lililoitangulia kazi hiyo ni "bilulu", yaani wadudu katika Kiswahili cha Katanga. Hapa hadithi na historia zinapishana. Kwa Shaaban Robert, anayevuliwa utu ni aliyekosa; Kolwezi alivuliwa utu aliyekosewa, tena kwa neno tu, bila jini wala uchawi. Anayegeuzwa kwa neno hurudishwa kwa neno pia, lakini ni nani aliyewahi kulitamka?

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya kipindi cha mpito, 2003 hadi 2006, ilimaliza muda wake bila kuzichunguza jinai hizo. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, inayoanzia Machi 1993, imeyaeleza matukio ya Kolwezi. Hata hivyo, majina ya watuhumiwa wengi yamehifadhiwa katika kumbukumbu za siri. Wanaotetea siri hiyo wana hoja yenye uzito. Orodha ya majina ikitolewa bila mahakama inaweza kuzaa kisasi. Baadhi ya watendaji walikuwa vijana wadogo waliotumwa, na leo wana wajukuu ambao hawakuwapo.

Hoja hiyo, pamoja na uzito wake, inasahau jambo moja: asipotajwa mtu, hutajwa kabila. Mwaka 1993 watu wa Kasai walifukuzwa kwa sababu ya jina la pamoja, si kwa tendo la mmoja wao. Na mtendaji anapobaki bila jina, lawama huliangukia kabila zima la jirani, hata yule aliyemficha Mkasai chumbani mwake. Kumtaja mtu kwa tendo lake, mbele ya baraza linalomruhusu kujibu, ni kuwaondolea wasiohusika mzigo usio wao.

Hata hivyo, hadithi yenyewe haikosi dosari mbili. Kwanza, Hasidi na Mwivu wamepewa majina ambayo ni hukumu kabla ya kosa, na wanabaki nayo baada ya toba. Sura ya nyani imeondolewa, lakini jina limebaki kuwa chapa. Pili, msamaha unapangwa baina ya wafalme. Kolwezi inaufahamu msamaha wa namna hiyo. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, gavana wa jimbo wakati wa ufukuzaji, aliliongoza Bunge la Jimbo la Katanga kuanzia 2007. Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua mwenyekiti wa halmashauri ya SNCC, shirika la reli zilizowabeba waliofukuzwa. Alifariki 2021 bila mahakama kuyasikiliza matukio hayo. Wakubwa walipatana, aliyeipoteza nyumba yake Manika hakuulizwa.

Pengine jibu bora la Shaaban Robert limo katika anwani yake. Hakuandika "Adili na Manyani", wala "Adili na Maadui". Aliandika "Nduguze", na kiambishi hicho kidogo cha umilikaji hakiufuti uovu, bali kinasema kwamba mkosaji bado ni wa mtu fulani. Ila Adili alipata haki ya kusema "nduguze" kwa kuwa alikwisha kusema walichomtendea. Manika haijapewa nafasi ya kusema neno la kwanza, kwa hiyo ni mapema mno kuidai ilitamke la pili.